Mafundo Sita

Nimerudi kutoka Umra, ile hija ndogo ya Makka, juzi na miguu bado imevimba. Kila anayekuja kunipa mkono ananiuliza Makka kukoje, nami nikifungua mdomo najikuta namsimulia bibi wa Pangani.

Sikutaka kwenda na msafara. Nilitaka nikae peke yangu na Mola wangu, nilie nitakavyo, nisiulizwe kitu na mtu. Mfuko ukakataa. Basi nikajiandikisha kwa wakala: watu 38 kutoka Dar, Tanga na Unguja, wanawake wote tumevishwa mitandio ya rangi moja kama wapambe wa bi harusi. Hoteli tuliyoambiwa iko mlangoni pa msikiti ilikuwa mwendo wa dakika 20, tena wa kupanda mlima. Chumbani wanne, choo kimoja, na bibi wa Pangani anakoroma mpaka dirisha linaitika. Asubuhi namwamkia shikamoo, anaitikia, "Marahaba mwanangu, umelala vyema?" Alhamdulillahi, bibi. Nitasemaje?

Inasimuliwa kuwa mtu mmoja alimsifia mwenzake mbele ya Sayyidna Omar, naye akamuuliza kama amewahi kusafiri naye. Siku ya pili tu nilishaelewa kwa nini aliuliza hivyo.

Usiku wa Umra yetu, kiongozi wa msafara akanikabidhi bibi nimshike mkono. Nilinuna kidogo, Mungu anisamehe. Tukaanza tawafu, kuizunguka Kaaba mara 7, usawa wa Jiwe Jeusi, kwenye ile taa ya kijani. Mimi nilikuwa nahesabu mizunguko kwa simu. Yeye, kila tukiipita taa, anafunga fundo kwenye matamvua ya mtandio wake. Anatembea taratibu, visigino havinyanyuki sawasawa, na umati unatupita huku na huku kama maji yanavyopita gogo. Wenzetu walishatupotea zamani.

Simu iliposema 7 nikamvuta tutoke. Akasimama. Akanionyesha matamvua: mafundo 6.

"Bibi, simu haikosei."

"Simu haikutembea, mwanangu. Ukitia shaka, shika idadi ndogo."

Hapo hana makosa, ndivyo tulivyofundishwa hata kwenye semina. Tukazunguka tena. Na huo mzunguko, ambao mpaka leo sijui ni wa 7 au wa 8, ndio pekee niliozunguka bila kuwaza chochote. Sikuwaza hoteli wala miguu, na ile orodha ndefu ya dua niliyoiandika kwenye daftari tangu Shaabani sikuikumbuka kabisa. Nilishika tu mkono mkavu wa mwanamke wa miaka sabini na kitu, nikaenda kwa mwendo wake. Nililia, ndiyo, lakini si kile kilio nilichokipanga.

Tukanywa maji ya Zamzam, tukaingia kwenye saayi, kwenda na kurudi kati ya vilima vya Safa na Marwa kama Bi Hajara alivyofanya akimtafutia mwanawe maji. Siku hizi ni ukumbi wa ghorofa, sakafu ya marumaru na kiyoyozi. Kutoka Safa hadi Marwa ni kama mita 450, na unakwenda mara 7, zaidi ya kilomita 3. Tulipofika Marwa mara ya tatu nikamwona anayumba. Nikamwambia nimtafutie kiti cha magurudumu.

"Bi Hajara alikuwa na kiti?"

Tukaendelea kwa miguu. Ilituchukua karibu saa mbili na nusu. Kiongozi alipiga simu mara 4. Mara ya mwisho nikaizima.

Tulipomaliza, pale Marwa, ikabaki kupunguza nywele ndipo Umra itimie. Akafunua nywele kidogo chini ya mtandio akaniinamishia kichwa. Nikatoa mkasi mdogo wa kucha, nikamkata kiasi cha ncha ya kidole. Nyeupe tupu, laini kama za mtoto mchanga. Kisha akanyoosha mkono: "Haya, lete chako."

Mkono wake ulikuwa unatetemeka. Leo asubuhi nimejitazama kwenye kioo. Upande wa kushoto amekata sana.