Maranda kwenye tuta la watoto

Nilikuwa na miezi mitatu tu katika bustani yetu ya jamii nilipokaribia kuliua tuta la watoto.

Bustani ni ndogo: matuta kumi na moja, bomba moja, banda la zana lenye mlango usiofunga vizuri. Tunaoitunza hatulipwi. Jumamosi asubuhi kila mtu anakuja na mikono yake, anauliza pa kuanzia, anaanza. Tuta lililo karibu na lango ni la watoto. Wao wenyewe hupandikiza miche, kisha kila mmoja huchomeka kijiti chenye jina lake.

Udongo wa tuta lile ulinisumbua roho. Ulikuwa mfinyanzi mzito. Ukimwagilia, maji yanasimama, na ukikauka unapasuka. Nilikuwa nimesikia kwamba mabaki ya mimea hulainisha udongo wa namna hiyo, na hilo ni kweli kabisa. Basi jioni moja ya katikati ya wiki nikaomba magunia manne ya maranda kwa fundi seremala, nikaenda peke yangu, nikayafukia yote kwa jembe mpaka giza likaingia. Sikumuuliza mtu. Nilitaka wakija Jumamosi wakute tuta laini na wafurahi.

Walifurahi kweli. Watoto walipandikiza spinachi siku hiyohiyo, vidole vikizama udongoni bila shida.

Wiki ya tatu miche ilikuwa bado na kimo kilekile, na majani ya chini yalikuwa yamegeuka njano. Mmoja wetu akasema ni kiu, akamwagilia. Mwingine akasema maji yamezidi. Msichana mdogo mwenye kijiti cha pembeni alichuchumaa mbele ya mche wake kwa muda mrefu, halafu akaniuliza mimi, kwa kuwa ndiye niliyekuwa karibu, "Unaumwa nini?"

Sikuwa na jibu. Nilikwenda kumwita bibi anayesimamia lundo la mboji.

Alipiga magoti, akaangalia majani kutoka juu kwenda chini. Akanionyesha kwamba majani machanga yalikuwa bado na rangi, ila yale makongwe ndiyo yaliyofifia. Mche ukikosa naitrojeni, kirutubisho cha udongoni kinachokuza majani, huiondoa kwenye majani ya zamani na kuipeleka kwenye machipukizi. Kisha akachimba kwa vidole. Hakufika mbali. Akatoa konzi ya udongo uliochanganyika na maranda, meupe kama yalivyotoka kwenye randa.

"Nani ameyafukia haya?"

Watu walitazamana. Koo lilinikauka, nikasema, "Ni mimi, bibi."

Hakupandisha sauti. "Mwanangu, vijidudu vinavyoozesha mbao navyo vinahitaji naitrojeni. Kwenye maranda hawaikuti, basi wanaichukua kwenye udongo, na wao wana kasi kuliko mizizi. Umealika walaji wengi kuliko chakula."

Baadaye, kwenye lundo lake, alinifafanulia zaidi. Mboji huoza vizuri ikiwa na takribani sehemu 25 hadi 30 za kaboni kwa moja ya naitrojeni. Maranda yana mamia. Ndiyo maana yeye huyachanganya kidogokidogo na nyasi mbichi na samadi, na kuyaacha yaoze kwanza. Mpaka leo sina ugomvi na maranda. Tunayatandaza kwenye vijia kati ya matuta, juu ya ardhi, na huko hayana madhara.

Asubuhi ile kila mtu aliacha kazi yake, na mimi sijaisahau. Tulipiga magoti kuzunguka tuta, wakubwa na watoto, tukatoa maranda kwa vidole katikati ya mistari bila kugusa mizizi. Tuliloweka samadi iliyooza kwenye pipa, tukayapunguza makali maji yake mpaka yakafanana na chai nyepesi, tukamwagia kila mche kwenye shina. Pembeni, palipoharibika zaidi, tulipanda maharage, kwa sababu bakteria wanaoishi kwenye vinundu vya mizizi yake huivuta naitrojeni kutoka hewani.

Miche saba ilikufa. Wa yule msichana haukufa. Majani yake ya njano hayakurudi kuwa kijani, yalikauka na kudondoka, lakini katikati likatokeza jani jipya, la kijani kilichokolea, nikaenda kulitazama kila jioni kabla ya kurudi nyumbani.

Siku hizi kwenye banda kuna daftari linaloning'inia kwa kamba. Anayetia kitu chochote udongoni anaandika tuta gani, kitu gani, kiasi gani. Bibi ndiye aliyelileta, akanikabidhi kalamu nianze. Mstari wa kwanza unasomeka hivi: "Tuta la watoto. Maranda mabichi, magunia manne. Nimeyafukia mimi."