Red Skull na Karata Zake Mezani Kwetu Dodoma

Miongoni mwa maboksi ya nyongeza ya mchezo wa karata wa Marvel Champions niliyonayo, The Rise of Red Skull ndilo linalotoka kabatini mara nyingi zaidi. Kampuni ya Fantasy Flight Games ililitoa mwaka 2020, mwaka mmoja baada ya boksi la msingi, ambalo ni lazima uwe nalo kwanza. Ndani yake wamo mashujaa wawili, Hawkeye na Spider-Woman, pamoja na maadui watano wanaokabiliwa kwa zamu: Crossbones, Absorbing Man, Taskmaster, Zola na Red Skull mwenyewe.

Kwa mkusanyaji anayeishi Dodoma, sifa kubwa ya mchezo huu ni kwamba maboksi yote ya nyongeza hii yana karata zilezile. Ipo michezo ya mashujaa inayouzwa kwa pakiti za kubahatisha, na utaratibu huo humfaa mtu aliyezungukwa na wachezaji wa kubadilishana nao karata zilizojirudia. Huku kwetu wachezaji wenyewe ni wa kutafuta kwa tochi.

Wachezaji, kuanzia mmoja hadi wanne, hushirikiana dhidi ya adui, kila mmoja akiwa na karata 40 hadi 50, ambazo 15 kati yake ni za shujaa wake. Utamu uko kwenye malipo, kwa sababu ili ucheze karata moja unalazimika kutupa nyingine zilizo mkononi, hata zile ulizokuwa ukizitunza kwa ajili ya raundi ijayo. Mimi humchukua Hawkeye, ambaye mishale yake hutegemea upinde: ukishautumia, karata yake hulazwa ubavu na huwezi kufyatua mwingine mpaka isimamishwe tena. Mdogo wangu humpenda Spider-Woman, anayetakiwa kuchanganya karata za nyanja mbili, yaani makundi mawili ya karata yenye mitindo tofauti ya kucheza, kwa idadi sawa, ilhali mashujaa wa kawaida hutumia nyanja moja tu.

“Kaka, geuza karata upumzike, utakufa,” huniambia ninapojeruhiwa. Nikigeuza, shujaa hurudi kuwa mtu wa kawaida na kupata nafasi ya kujiponya, lakini adui naye, badala ya kunipiga, huendeleza njama yake, na njama ikikamilika tumeshindwa sote.

Kampeni, yaani kukabiliana na maadui hao watano mmoja baada ya mwingine kama hadithi moja, ndiyo iliyonivutia zaidi. Ukicheza kwa kiwango kigumu, majeraha uliyoyapata kwa adui mmoja unakwenda nayo kwa anayefuata, hivyo ushindi wa kubahatisha dhidi ya Crossbones hukugharimu mbele. Kwa maoni yangu Zola ni mgumu kuliko hata bosi wake, maana vibaraka wake humiminika mezani kabla hujajipanga.

Jambo moja kwa wakusanyaji wenzangu wa hapa: wakati wa kiangazi upepo wa Dodoma huingiza vumbi hata madirisha yakiwa yamefungwa, na karata zinazochanganywa zikiwa na vumbi huchubuka kingo upesi. Nunueni vifuko vya plastiki vya milimita 63 kwa 88 pamoja na boksi lenyewe.