Mpini Uliokerezwa Tabora

Julai ya mwaka 2012 nilirudi nyumbani Tabora kwa likizo ya wiki mbili, na ndani ya begi langu, nikiwa nimeufunga kwa kitambaa laini, mlikuwa na mpini mmoja wa mashine ya kunyolea. Ulikuwa mpini wa Gillette Tech ya Uingereza, wa shaba ya manjano iliyopakwa nikeli, na nilikuwa nimekaa nao miaka mitatu bila kupata kichwa chake. Mtu anayekusanya mashine hizi za wembe wa kubadilisha, zile za chuma ambazo wazee wetu walizinunua mara moja wakazitumia miaka na miaka, atanielewa nikisema kwamba kipande kimoja kisicho na wenzake humnyima mwenyewe raha.

Nje kidogo ya soko, chini ya mwembe, alikuwepo fundi saa mmoja mzee ambaye meza yake nilikuwa nikipita kila nilipokwenda nyumbani. Safari ile, kati ya mikanda ya saa na betri zilizokwisha, niliona kitu ambacho moyo wangu ulikitambua kabla ya macho: kifuniko kilichobinuka, bamba chini yake, na pembeni mwa bamba ukingo mzima wenye mifereji midogo. Ukingo huo ndio alama ya Tech. Mashine za awali za King Camp Gillette wa Boston, aliyepewa hataza yake mwaka 1904, zilikuwa na meno kama ya kitana mahali hapo, na ni mwishoni mwa miaka ya 1930 ndipo Tech ilipoingia na ukingo usio na meno, ambao ngozi huupokea kwa upole zaidi. Nilimwamkia mzee, akaitikia, nikaomba ruhusa ya kuishika.

Kichwa kilikuwa kizima. Nikeli ilikuwa imelika kwenye pembe hadi shaba ikaonekana, jambo ambalo mimi silihesabu kuwa kasoro, kwa sababu ndivyo chombo kilichofanya kazi kinavyopaswa kuonekana. Lakini mpini haukuwa wake. Ulikuwa mnene kuliko wa kiwandani, mzito, haukuwa na nikeli kabisa, na mahali pa nakshi za kuzuia kuteleza palikatwa mistari ya kuzunguka isiyolingana upana. Niliuita moyoni mwangu mpini wa kubandika. Nikamweleza mzee kwamba ninahitaji kichwa tu, tukakubaliana shilingi 5,000, nikaufungua ule mpini na kuuweka mezani pake. "Huu ubaki tu, mzee. Siuhitaji," nilisema. Alinitazama kidogo, akauchukua, akautia mfuko wa shati.

Usiku ule nilikaa karibu na taa na vipande vyangu. Mashine hii haina siri: kijiti chenye hesi, yaani mifereji ya kuzunguka kama ya skrubu, hutoka katikati ya kifuniko, hupenya wembe na bamba, kisha huingia ndani ya mpini, na mpini ukikazwa, kifuniko na bamba huubana wembe na kuupinda kidogo, na kule kupindwa ndiko kunakoufanya utulie usitetemeke juu ya ngozi. Nikaupeleka mpini wangu wa kiwandani. Uliingia bila kushika. Nikauzungusha, ukazunguka tu. Nikauvuta, ukatoka mkononi kama kofia. Niliposogeza kifuniko karibu na taa ndipo nilipoona kwamba kijiti kilikuwa kimepigwa tupa kikawa chembamba kuliko kawaida, kisha kikakatwa hesi mpya, safi, iliyonyooka tangu ncha hadi shina. Kichwa kile hakikuwa tena cha mpini wowote uliotoka kiwandani. Kilikuwa cha mpini mmoja tu duniani, nami nilikuwa nimeuacha mezani.

Asubuhi nilifika kabla mzee hajapanga vitu vyake.

"Hesi imekataa, siyo?" aliniuliza baada ya salamu.

"Imekataa, mzee. Mbona hukuniambia jana?"

"Ulisema huuhitaji, mwanangu. Ningekwambia nini?"

Hakusema kwa hasira, na labda ndiyo sababu maneno yale yaliniingia zaidi. Nilimwomba radhi. Akautoa mpini kwenye mfuko uleule wa shati, akanipa nafasi kwenye benchi, akaanza kunieleza. Alikuwa mkerezaji katika karakana ya reli, enzi za reli ya Afrika Mashariki, kabla Jumuiya haijavunjika mwaka 1977. Mashine aliinunua mpya kwa mshahara wake. Baada ya miaka kadhaa mpini wa awali ulipasuka shingoni, ugonjwa ninaoujua vizuri, kwa sababu baadhi ya mipini ya Gillette ina uwazi ndani na shaba yake ni nyembamba, na mtu akizoea kuikaza kwa nguvu hupata ufa palepale hesi inapoanzia. Katika kulazimisha ule uliopasuka, hesi ya kijiti nayo ikaharibika. Basi akaomba kipande cha shaba kwenye mabaki, akakikereza wakati wa mapumziko ya mchana, akakitoboa, akakikata hesi ya milimita 4, na kijiti nacho akakipunguza kikafuata. Ile mistari isiyolingana aliikata makusudi: iliyo mipana ni ya kidole gumba, iliyo miembamba ni ya vidole vya mbele. Alinishika mkono akaniwekea vidole mahali pake, na kweli vilikaa.

Sijawahi kushika mpini wa kiwandani uliopimwa kwa mkono wa mtu namna ile, na nimeshika mingi.

Nilitaka kumwongezea pesa, akakataa, akasema tulishauziana. Alichotaka ni kuona daftari langu, kwa kuwa nilikuwa nimemtajia kwamba kila mashine ninaiandikia ilikotoka. Nikalifungua juu ya meza yake. Chini ya "Gillette Tech, Uingereza" nikaandika: "Mpini umekerezwa Tabora, karakana ya reli, 1968." Mzee akavaa miwani, akasoma polepole, kidole kikifuata mstari, akatikisa kichwa.

"Andika 1969," alisema. "Sitini na nane ulikuwa bado haujapasuka."

Nikaifuta 8, nikaandika 9, naye akanipokonya kalamu akaongeza mwenyewe jina lake mbele ya mwaka.