Nilivyoyatuliza maumivu ya hedhi nikiwa Pune

Kwetu Tanga maumivu ya hedhi tuliyaita chango, na tangu nilipovunja ungo mama alinifunza kuyavumilia huku nikijikanda tumbo kwa kitambaa cha moto. Nilipokwenda Pune, India, mwaka 2016 kusomea uhasibu, chango lilinizidi nguvu, kwani kila mwezi nilikosa masomo siku mbili, nikameza ibuprofeni bila kula hadi tumbo la juu likawa linawaka moto.

Mama mwenye nyumba wangu ndiye aliyenipeleka kwa daktari wa Ayurveda, yaani tiba ya jadi ya India, mwanamke wa makamo mwenye shahada ya tiba hiyo, ambayo huko husomewa miaka mitano na nusu pamoja na mafunzo ya vitendo. Aliniita "beti", yaani binti, kisha akaniuliza kwa karibu saa nzima kuhusu usingizi, haja kubwa, saa za kula, rangi ya damu na mabonge yake. Alinieleza kwamba Ayurveda huliona tumbo la hedhi kama kazi ya apana, upepo unaosukuma mkojo, choo na damu kuelekea chini, na kwamba upepo huo huvurugika kwa ubaridi, ukavu na kula ovyo. Mimi nilikuwa nikila chapati baridi saa sita za usiku. Tiba ya hospitali hutaja prostaglandini, kemikali za mwili zinazoufanya mji wa mimba ujikaze, na ingawa maelezo haya mawili hayafanani, sikuona kwa nini nisipokee joto na utaratibu ambao daktari yule alinipa.

Kwa siku saba kabla ya hedhi nilitia mafuta ya ufuta katika bakuli dogo, nikaliweka ndani ya maji ya moto mpaka mafuta yakawa vuguvugu, nikajipaka tumboni na kiunoni taratibu, kisha nikaoga maji ya moto. Damu ilipoanza niliacha kujipaka. Asubuhi na jioni nilichemsha nusu kijiko cha mbegu za ajwaini na kipande cha tangawizi katika kikombe cha maji, nikaongeza sukari guru, na nikafurahi kugundua kwamba "guru" yetu imetokana na "gur" ya Kihindi. Chakula cha siku hizo kilikuwa khichdi, wali na choroko zilizopikwa hadi zikalainika, ambayo kwangu ilikuwa mseto wa nyumbani kabisa. Mzunguko wa kwanza sikuona tofauti kubwa, lakini kufikia wa tatu nilikuwa nikihudhuria masomo, na ibuprofeni nikaimeza mara moja tu, tena baada ya kula.

Damu yenyewe haikupungua. Nilipomwambia daktari kwamba siku ya pili nilibadilisha pedi kila saa, aliweka kalamu chini akaniagiza niende hospitali siku hiyohiyo. Kipimo kilionyesha hemoglobini ya 8.9, yaani nilikuwa na upungufu wa damu, na altrasaundi ikaonyesha uvimbe mdogo wa fibroidi katika mji wa mimba, nikaanzishiwa vidonge vya madini ya chuma na vya kupunguza utokaji wa damu ya hedhi. Namshukuru mno kwa hilo, maana angeweza kuniongezea shatavari, mizizi inayosifiwa sana kwa afya ya kizazi, na mimi ningeendelea kudhoofika huku nikiamini ninatibiwa.

Alikuwa mkali pia kuhusu unga usio na lebo niliokuwa nimeununua katika duka moja la mtaani. Aliumwaga, akanieleza juu ya uchunguzi uliochapishwa mwaka 2004, ambapo kati ya dawa 70 za Ayurveda zilizouzwa Boston, 14 zilikutwa na madini yenye sumu, yaani risasi, zebaki au aseniki.

Maandiko ya kale ya Ayurveda humtaka mwanamke apumzike siku tatu za hedhi na ale chakula chepesi, lakini pia humkataza kuoga na kujipamba. Mapumziko niliyapokea kwa moyo mkunjufu, makatazo nikayaacha. Sasa nimerudi Tanga, na katika daftari langu bado ninaandika tarehe, idadi ya pedi na kiwango cha maumivu, kisha kila baada ya miezi sita ninalibeba kwenda nalo kliniki, ambako uvimbe ule unapimwa tena.