Kasi Niliyoihitaji na Joto Lililokuja Nayo

Kabati langu la michezo, yaani kompyuta niliyoifungia ndani ya sanduku kama la mashine za zamani za michezo, lilikuwa tayari kwa kila hali, vijiti na vitufe vikiwa mahali pake, lakini kila nilipofungua mchezo wa mbio za magari wa San Francisco Rush na kufika kwenye kona iliyosongamana magari, sauti ilikatika-katika na gari likaenda kama linalosukumwa kwenye tope. Nilibonyeza F11, kitufe ambacho katika MAME, emuleta yaani programu inayoiga mashine hizo za zamani, huonyesha kasi ya uigaji ikilinganishwa na ile ya mashine halisi, nikaiona namba ikishuka kutoka asilimia 100 hadi 76. Prosesa iliyokuwa ndani ya kabati hilo ni Pentium G3258 ya mwaka 2014, yenye viini viwili (sehemu zinazotekeleza amri) na kasi ya gigahezi 3.2. Ni prosesa ya bei ya chini, lakini kizidishi chake, yaani namba inayozidishwa na saa ya msingi ili kupata kasi ya prosesa, hakikufungwa kiwandani, hivyo mwenyewe unaweza kukipandisha, na kwa sababu hiyo peke yake imependwa na watu wengi wanaounda makabati kama langu.

Mtu asiyezifahamu emuleta hushangaa kusikia kwamba kompyuta ya gigahezi tatu inashindwa na mchezo wa mwaka 1996. Pac-Man wa mwaka 1980 aliendeshwa na chipu ya Z80 yenye kasi ya megahezi 3.072, yaani kompyuta yangu inaizidi zaidi ya mara elfu moja kwa hesabu ya saa, na kweli huuendesha mchezo huo bila hata kutokwa jasho. Tatizo huanza kwenye mashine za miaka ya tisini zilizochora picha za pande tatu. Rush ilitumia prosesa ya jamii ya MIPS pamoja na Voodoo, chipu za kuchora picha za kampuni ya 3dfx, na emuleta inalazimika kuzitafsiri amri za prosesa ile, kuchora kila pembetatu ambayo Voodoo ingeichora, na kuhakikisha kwamba chipu zote zinakutana kwa wakati uleule ambao zingekutana katika mashine yenyewe. Sehemu ya uchoraji inaweza kugawanywa miongoni mwa viini, lakini amri za prosesa kuu hufuatana, ya pili ikisubiri matokeo ya kwanza, na hakuna njia ya kuzigawa. Kwa hiyo linaloamua ni nguvu ya kiini kimoja, wala si wingi wa viini.

Hapa niongeze neno kwa anayefikiria kununua kadi kubwa ya grafiki kwa ajili ya MAME. Emuleta hii huzichora picha za Voodoo kwa kutumia prosesa, kwa sababu waandishi wake wametanguliza usahihi kuliko kasi, na kadi ya grafiki huletewa picha iliyokwisha kamilika ili iikuze tu kwenye skrini. Kuongeza kadi ni kumpigia mbuzi gitaa.

Kupandisha kasi kwenyewe hakuna uchawi. Saa ya msingi ya ubao mama ni megahezi 100, kizidishi cha kawaida cha prosesa hii ni 32, na ukiingia kwenye BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya kompyuta, na kukiandika 40 umepata gigahezi 4.0. Kazi iko kwenye volteji. Kadiri saa inavyokwenda mbio, ndivyo transista, swichi ndogo zilizomo ndani ya prosesa, zinavyohitaji msukumo mkubwa zaidi ili zigeuke kabla ya mpigo unaofuata, na zisipoupata, kompyuta huganda au hujizima. Lakini joto linalotokana na kugeuka huko hupanda sambamba na kasi na pia sambamba na mraba wa volteji. Prosesa yangu ilitulia kwenye volti 1.08 kwa gigahezi 3.2, na mwanzoni niliipa volti 1.28 ili ifike 4.4. Ukipiga hesabu, kasi imeongezeka kwa asilimia 37.5 tu, lakini joto hilo limeongezeka kwa asilimia 93 hivi, karibu maradufu. Sikuifanya hesabu hii kabla ya kuanza, na ndiyo maana jaribio la kwanza lilinitia aibu.

Nilikuwa nimebakiza kipozajoto kilichokuja na prosesa, kile kidogo cha alumini chenye feni juu yake na miguu minne ya plastiki inayosukumwa kwenye matundu ya ubao. Kwa gigahezi 4.2 mchezo ulianza vizuri, namba ikapanda, na baada ya dakika sita ikarudi chini ya pale nilipoanzia. Kipimo kilionyesha nyuzi 97. Prosesa hizi zinapokaribia nyuzi 100 hujipunguzia kasi zenyewe ili zisiungue, kwa hiyo nilikuwa nimeongeza umeme na kelele ili nipate mashine iliyo polepole zaidi. Nilipokitikisa kipozajoto kwa kidole, kona moja ilicheza: mguu mmoja haukuwa umeingia mpaka mwisho, na ni mimi niliyeufunga. Niliusukuma hadi ukalia, nyuzi tisa zikaondoka bila gharama yoyote, lakini bado hazikutosha.

Kipozajoto cha pili nilichoweka kina mirija minne ya shaba na feni ya milimita 120. Ndani ya mirija ile mna maji machache katika ombwe. Huchemka upande wa prosesa, mvuke ukapanda hadi kwenye mapezi, ukapoa na kurudi kuwa maji, kisha maji yakanywewa na kuta za mrija mpaka chini, na mzunguko ukaanza upya. Nilifuta pesti ya zamani inayokaa kati ya prosesa na kipozajoto, nikaweka mpya kiasi cha punje ya mbaazi. Watu wengi hupaka nyingi wakidhani ndiyo inayopoza. Shaba hupitisha joto mara kadhaa ya kumi zaidi ya pesti yoyote, na kazi ya pesti ni kuiondoa hewa katika mikwaruzo midogo ambako metali mbili hazigusani, kwa kuwa hewa ni mbaya kuliko zote. Safu ikiwa nene, umejenga ukuta pale ulipotaka daraja.

Kabati likiwa wazi, nilipata nyuzi 68 kwa gigahezi 4.4. Nikafunga mlango wa nyuma, nikacheza nusu saa, nikasoma 81. Hapo nilielewa kwamba nilikuwa nimepoza prosesa nikasahau sanduku iliyomo: kipozajoto hakilifuti joto bali hulihamishia kwenye hewa iliyo karibu, na hewa hiyo isipotoka huvutwa na feni ileile tena na tena. Nilitoboa nafasi ya kuingiza hewa chini, mbele ya miguu ya mchezaji, na juu nyuma nikafunga feni mbili zinazotoa, ili hewa moto ifuate njia ambayo ingependa kuifuata hata bila feni. Mlango ukiwa umefungwa sasa nasoma 71. Kwa kweli matundu yale yamenisaidia kuliko kitu chochote nilichonunua, na ningeyaanza mapema laiti nisingeogopa kuiharibu mbao.

Nilijaribu pia gigahezi 4.6, kwa tamaa tu. Ilidai volti 1.38, ikapanda hadi nyuzi 88, na feni zikavuma kiasi cha kuishinda sauti ya injini za mchezo. Nilipoondoa kwa F10 kizuizi cha kasi, kinachoizuia MAME isiende mbio kuliko mashine halisi, kile kipande kigumu cha Rush kilikwenda kwa asilimia 104 badala ya 100 ya gigahezi 4.4. Asilimia nne hizo hazina pa kwenda, kwa kuwa kizuizi kikirudi, MAME huzitumia kusubiri fremu inayofuata.

Nikarudi 4.4, na jioni mbili zilizofuata nikazitumia kwa kazi ya kinyume: kushusha volteji hatua kwa hatua, kila hatua nikiiacha MAME iendeshe mchezo uleule kwa amri ya -bench, bila picha wala sauti, kwa saa mbili. Volti 1.25 zilipita. Kwa 1.23 kompyuta iliganda baada ya dakika arobaini. Nimeiacha kwenye 1.26, nyuzi 69 mlango ukiwa umefungwa, na kwenye kona ile ya magari mengi F11 inaonyesha 100.