Alijibu "Sí" kwa Kila Swali

Mwaka 2019 nilikuwa nafanya zamu ya usiku kwenye nyumba ya hifadhi ya wanawake huko Oakland, California. Kazi yenyewe ilikuwa kufungua mlango, kutandika vitanda, kupasha chakula na kujaza fomu ya mapokezi. Usiku mmoja polisi wakatuletea mama wa Kiguatemala, kichanga mgongoni, binti wa kama miaka tisa kamshika mkono. Jicho lake la kushoto lilikuwa limevimba hadi limefumba. (Nimebadilisha mambo kadhaa hapa ili asitambulike.)

Mwenzangu wa zamu akampigia mkalimani wa Kihispania, akaweka spika, akaanza fomu. Kuna dawa unazotumia? Sí, yaani ndiyo. Unajisikia salama hapa? Sí. Umewahi kufikiria kujiua? Sí. Mumeo ana bunduki? Sí. Macho yake yalikuwa mezani, vidole vinapapasa pindo la nguo ya kufumwa aliyombebea mtoto, na kila "sí" ilitoka kwa sauti ileile ya adabu. Nikamkumbuka bibi yangu mzaa mama, Msambaa wa milimani Lushoto, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni tu. Hospitalini alimwitikia daktari "ndiyo" kwa kila kitu, hata alipoulizwa ni mguu upi unaomuuma.

Nikamwomba mwenzangu asimamishe. Nikamuuliza binti, ambaye Kiingereza alishakipata shuleni, nyumbani wanaongea nini. Kimam, akasema. Mama anajua Kihispania kidogo, cha dukani.

Kimam ni lugha ya Kimaya ya nyanda za juu magharibi mwa Guatemala, na Oakland ina Wamam wengi, hasa mtaa wa Fruitvale na kandokando yake. Wengi wametoka Todos Santos, mkoa wa Huehuetenango. Ila fomu yetu ilikuwa na kisanduku kimoja tu, Latino, yaani mtu wa asili ya Amerika ya Kilatini, na Latino ilichukuliwa kuwa lazima aongee Kihispania. Binti asingeweza kututafsiria. Mtoto hasimuliwi kipigo cha mamake ili akipeleke kwa wageni, na sheria hiyo mimi naiunga mkono hadi leo.

Asubuhi kampuni ya wakalimani ikapata mtu wa Kimam kwenye simu. Mwanamume. Aliposalimia tu, mama akanyamaza kabisa. Baadaye tukaelewa kwamba ile lafudhi ilikuwa ya kwao hasa, na kule kwao kila mtu ni shemeji wa mtu.

Eneo lile halikosi vikundi vya wanawake wahamiaji wa Kilatino. Mujeres Unidas y Activas, kwa mfano, lilianza San Francisco mwaka 1990, na wanawake waliopitia mambo hayohayo hufunzwa kuwapokea wenzao. Kupitia mlango wa aina hiyo tukampata mama mmoja Mmam, mtu mzima, wa bonde jingine. Alikuja jioni na mfuko wa unga wa mahindi. Hakuuliza kuhusu mume. Alimpokea mtoto, akamuuliza mwenzake kama mama yake mzazi bado yupo, kisha wakaingia jikoni kukanda. Jiko letu lilikuwa likifungwa saa mbili usiku; siku hiyo ufunguo ulikaa mfukoni mwangu.

Waliongea hadi tortilla, zile chapati za mahindi, zikapoa. Maneno yakatufikia kwa kupokezana, Kimam hadi Kihispania, Kihispania hadi Kiingereza, na yakabeba jambo ambalo fomu yetu yote, pamoja na swali lake la kama mtu anafuga mbwa au paka, haikuligusa: deni. Familia ilikopa pesa za kumlipa aliyewavusha mpaka, na dhamana ilikuwa shamba la baba wa yule mama mwenye kichanga. Mshahara wake wote wa kufua mashuka hotelini ulishikwa na mume, naye ndiye aliyetuma marejesho. Akimwacha, baba anapoteza shamba. Sisi tulikuwa tumeshamwandalia safari ya kuhamia mji wa mbali, kwa usalama wake, ambako angepoteza hata ile kazi.

Mpango ukabadilika. Akabaki jirani, kwa chumba kingine cha siri, na mwajiri akaanza kumlipa mkononi. Wakili akaeleza kwamba mume angekuwa raia au mkaazi wa kudumu, mama angejiombea makaratasi mwenyewe chini ya sheria ya 1994 ya ukatili dhidi ya wanawake. Mume hakuwa raia wala mkaazi wa kudumu. Ikabaki viza ya U, ya waathirika wa uhalifu wanaosaidia uchunguzi: lazima polisi wathibitishe kwa saini, na kwa mwaka zinatolewa 10,000 tu nchi nzima, kwa hiyo foleni ni ya miaka. Alipotafsiriwa hayo aliuliza swali moja, kama akingoja ataruhusiwa kufanya kazi. Wakili akasema hilo nalo lina foleni yake.

Yule mama mtu mzima akacheka kwa hasira, akasema neno kwa Kimam ambalo hakuna aliyetutafsiria, kisha akamwandikia namba ya mwanamke anayeuza tamales, unga wa mahindi unaopikwa ndani ya majani, huko Fruitvale na kutafuta msaidizi wa Jumamosi.