Siku moja gereji Kizota: Corolla iliyogoma kurudi nyuma

Saa 1:30 asubuhi. Nafika, dogo ameshamwaga maji uwanjani. Mwezi wa nane Dodoma usipomwaga maji mapema, upepo unakuletea vumbi mpaka kwenye chai. Getini kuna Corolla 110 ya otomatiki. Mwenyewe, mama mtumishi wa wizara moja kule Mtumba, ananieleza: mbele linaenda, rivasi hakuna. Kazini anapaki pale tu atakapoweza kutoka kwa kwenda mbele, na akizibiwa anaomba walinzi wamsukume. Fundi wa kwanza kalitazama akamwambia giaboksi imekufa, atafute nyingine.

"Mama, nipe muda kidogo, usinunue kitu," namwambia. Fundi anayetamka "imekufa" kabla hajachomoa dipstiki huwa namwogopa.

Saa 2:00. Naanza na vipimo vya bure. Injini imepata moto, iko silensa (inaunguruma bila kukanyagwa mafuta), napitisha gia kutoka P hadi L na kurudi, ndipo nachomoa dipstiki ya giaboksi. Oili imefika alama ya HOT, lakini rangi ni kahawia iliyokolea na inanuka kuungua. Oili isiyoharibika ya giaboksi hizi ni nyekundu.

Naweka R, dogo yuko nyuma anapiga kelele, "Taa inawaka!" Taa hiyo inasema mengi. Swichi yake imefungwa kwenye giaboksi yenyewe, pale kebo ya gia inapoishia, kwa hiyo ikiwaka maana yake kebo imefika R. Ingewaka tu baada ya kusukumasukuma lever, tungerekebisha kebo na mama angewahi ofisini. Haikuwa hivyo. Toka N kwenda R, gari lisilo na ubovu linatikisika kidogo hata sekunde 1.5 hazijaisha. Hili kimya. Nikikanyaga mafuta injini inaunguruma, matairi hayana habari.

Saa 3:30. Hapa ndipo ninapopapenda. Kwenye giaboksi hizi za Toyota za gia nne, rivasi inashikwa na vitu viwili kwa pamoja: breki ya gia ya kwanza na rivasi (iko ndani ya giaboksi, si ile ya matairi), na klachi ya dairekti. Ile breki ndiyo inayoshika pia ukiweka L, gia ya chini kabisa. Ile klachi ndiyo inayoshika pia gia ya tatu. Basi huna haja ya kufungua chochote ili ujue nani mgonjwa, unawauliza L na gia ya tatu.

Mteremko wa maana Dodoma si wa kuokota, tukaenda mpaka barabara ya UDOM. Naweka L taratibu, naachia mafuta: injini inalizuia gari vizuri. Breki ni nzima. Kurudi, D, nasubiri ya tatu iingie. Mshale wa mizunguko unapanda ghafla, mwendo haupandi. Klachi inateleza.

"Ndiyo maana siku hizi linakula mafuta?" mama anauliza. Alikuwa anawalaumu wauza mafuta. Namweleza kwamba rivasi inabeba mzigo mkubwa kuliko ya tatu, kwa hiyo klachi ikianza kuchoka, rivasi ndiyo inayotangulia kukata. Wengi hawaisikii ya tatu ikiteleza mpaka siku washindwe kutoka kwenye maegesho.

Saa 5 hadi saa 9 ni jeki, shafti, boliti na jasho. Wali maharage tumekula tumesimama.

Saa 9:30. Giaboksi naifungulia chumba cha ndani, mlango umefungwa, sakafu ina maji. Dogo anataka kufuta kwa tambara la pamba, namkataza: uzi mmoja ukiingia kwenye valvu bodi, inayogawa oili ndani ya giaboksi, unaweza kukwamisha valvu. Dramu ya klachi ikiwa mkononi, napuliza hewa ya kompresa kwenye tundu la oili. Pistoni nzima inagonga "tap!" na kukaa hapo. Hii inapuliza fyuuu, haisogei. Sili ya mpira imekuwa ngumu kama kucha, imepasuka upande mmoja. Pleti za klachi chini yake zimebaki chuma, karatasi ya kushikia iliyokuwa juu yake ndiyo ile iliyoungua ikaipa oili harufu.

Kilichobaki ndani kiko salama. Napiga simu Kariakoo: kifurushi cha sili, pleti za dairekti, filta na oili mpya. Muuzaji anataka namba ya giaboksi, dogo anaenda kumsomea kwenye kibati kilichopigiliwa ndani ya boneti, mstari wa TRANS/AXLE. Vitakuja na basi la asubuhi.